Fundo Tatu Kipini

Kosa langu la kwanza katika safari ile lilikuwa kutouliza. Nilifika Kipini, mto unapoingia baharini, na mtumbwi wa marehemu baba, nikaufunga kwenye nguzo ya mkoko, kamba fupi, fundo tatu, kisha nikarudi mara mbili kuzikagua. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na tangu hapo niliona aibu kumwuliza mtu jambo lolote.

Baba alikuwa amezikwa kwetu Ngao, juu ya mto. Wazee walinituma kumleta shangazi, dada yake wa pekee, aliyeolewa na mvuvi huko pwani. Walinihesabia siku: asipofika kwa wakati, matanga yangeanuliwa bila yeye. Nilirudia ujumbe wao njia nzima nisije nikaukosea.

Mji ule watu huusifu, na kweli ulikuwa mzuri. Kuta za chokaa, nyavu zimeanikwa, papa waliopasuliwa wakikauka juani, bendera ya Mwingereza juu yao. Niliviona kimoja kimoja na hakuna kilichonigusa. Tangu mazishini sikuwa nimelia, na nilihofu kwamba watu wanaona.

Shangazi nilimkuta mlangoni akiparua samaki. Nilimpa habari kama nilivyotumwa, bila kukosea hata neno. Akaweka kisu chini, akanawa mikono polepole, akaingia ndani kuvaa buibui. Mumewe akasema tuondoke upesi, maji ya bahari yanajaa na yatatusukuma mbali juu ya mto. Tukiyakosa ni kungoja kesho, maana usiku hakuna apitaye penye viboko.

Ufukoni sikuuona mtumbwi. Niliona ncha ya nguzo na maji. Yalipopanda, kamba yangu iliushika mdomo wa mtumbwi pale chini, ukajaa, ukazama. Kafi na upondo wa kusukumia vilikuwa vimekwenda na maji. Fundo zilikuwa hazijalegea hata kidogo.

Wavuvi wawili walikuwa wakishona nyavu pale karibu. Mmoja akasema, "Kijana, mtumbwi umeufunga kama ng'ombe wa kuchinjwa."

Mwenzake akaniuliza kama kwetu maji hayapandi. Nikamwambia hupanda, mara moja au mbili kwa mwaka. Wakacheka. Mume wa shangazi akawanong'oneza kuhusu msiba, wakaweka nyavu chini, wakaingia majini kunisaidia. Afadhali wangeendelea kucheka.

Shangazi alikuwa amesimama ufukoni, ananitazama. "Ulimwuliza nani?"

"Sikuuliza, shangazi."

"Baba yako kila akija alikuwa akiuliza. Miaka yote ile, na jibu analijua."

Chombo cha mumewe kilikuwa baharini na wenzake. Maji yalipokupwa tuliutoa mtumbwi, lakini kufikia hapo mto wote ulikuwa ukirudi baharini. Tukaondoka kesho yake kwa kafi la kuazima. Njiani shangazi aliniuliza jambo moja tu, kama baba aliumwa sana. Nikasema sijui. Nilijua.

Tulifika Ngao matanga yameanuliwa jana yake. Watu walikuwa wamerudi mashambani, na mkeka wa baba umekunjwa, umesimamishwa pembeni. Shangazi akaukunjua, akauketia peke yake mpaka jioni. Mimi nilisimama mlangoni, bado sijalia.

Siku hizi nauliza. Nikifika mahali nisipopajua namwuliza mtu wa kwanza nimwonaye, hata kama jibu nalijua, na sauti yangu bado hutetemeka.