Paa la Mama Nelly

Jua la mwezi wa kumi kijijini, mbele kidogo ya Bugarama, nchi ya wafugaji, halina adabu. Linaanza kuchoma kabla uji haujapoa, na ikifika saa sita hata kuku wanahema midomo wazi. Mwaka jana lilimaliza miche yote ya nyanya ya Scolastika, ambaye kijiji kizima humwita Mama Nelly. Mwaka huu, alipopanda tena, baba mkwe wake, Mzee Jilala, akamwekea sharti.

“Mama Nelly, pale kando ya lambo la kunyweshea ng’ombe nilikupa kwa huruma tu. Miche ikiungua tena, napafanya pa ndama.”

“Sawa, Baba,” alijibu, amepiga goti, macho chini.

Mumewe, Masalu, alikuwa machimboni, anashinda ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akitafuta dhahabu isiyotaka kuonekana. Bustani ile ndiyo iliyokuwa mboga ya nyumbani, na ndicho kitu pekee ambacho Mama Nelly aliweza kukiita chake.

Basi akaamua kuijengea paa. Alichimbia nguzo fupi, akafunga fito, juu akapanga mabua ya mtama aliyoyabeba kichwani kutoka shambani, akiacha mianya ili miche ipate mwanga kidogo. Chini akatandaza nyasi kavu udongo usikauke upesi. Alipomaliza akaingiza mkono kivulini, akasikia ubaridi. Akajisifu peke yake kwa sauti, na nani angemkataza?

Lakini jamani, mtu aliyeolewa kwenye boma la ng’ombe! Malisho yamekwisha, mifugo inalamba vumbi, na yeye anawapangia mabua ya mtama juu ya meza, tena kwenye njia ya kwenda kunywa maji! Kesho yake mchana ng’ombe wa Mzee Jilala wakasukuma ua wa miiba uliozunguka bustani, wakala paa. Aliwakuta wanatafuna taratibu, wanamtazama kama wageni waliokaribishwa vizuri. Tuta moja walikuwa wamelikanyaga. Mengine yalikuwa mazima, ila yako wazi juani.

Mama Nelly aliwafukuza kwa fimbo, kisha akakaa chini akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana kosa lilikuwa lake mwenyewe. Akafunika miche kwa khanga zake zote na shuka la Masalu, akijua havitatosha kwa siku nyingi.

Jioni alikuwa zizini akizoa samadi. Pembeni yake ndama mmoja mkubwa, aliyekuwa anaachishwa kunyonya, alimwendea mama yake. Chuchu zilikuwa zimepakwa kinyesi, kama wafugaji wa huko wanavyofanya siku zote. Ndama akanusa, akapiga chafya, akageuka zake. Mama Nelly aliacha koleo ikaanguka.

“Hee! Kumbe!”

Asubuhi alibeba mabua mengine, akakoroga kinyesi kibichi na maji ndani ya debe, akapaka paa lote, mikono imezama mpaka viwikoni. Jirani yake Dorika, aliyekuwa anapita na ndoo, akaziba pua.

“Mama Nelly, hiyo bustani au choo?”

“Cheka tu. Nyanya zikiiva hutauliza.”

Saa sita ng’ombe wakaja, na safari hii Mzee Jilala alikuwa nyuma yao. Mama Nelly alisimama kando ya ua, fimbo mkononi. Dume la mbele likanyoosha shingo juu ya miiba, likanusa paa, likapuliza pua kwa nguvu, likaendelea na safari yake. Wengine wakalifuata. Hakuna hata mmoja aliyegusa bua.

Mama Nelly alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasahau kabisa kwamba mbele yake yuko mkwe.

Mzee Jilala alitazama paa, akatazama mikono ya mkwewe, akaelewa. “Umewaachisha ng’ombe wangu kunyonya?”

“Ndiyo, Baba. Nisamehe kwa harufu.”

Mzee aliinama, akaingiza mkono chini ya paa, akauacha pale kwenye ubaridi kwa muda mrefu.

Mvua za kwanza ziliikuta miche imefika gotini, imeshika maua. Siku hiyo Mzee Jilala alikuja na shoka, akakata matawi ya miiba, akaiziba mwenyewe njia ya ng’ombe iliyopita kando ya bustani.

“Wabeja, Baba,” Mama Nelly alishukuru. “Lakini ng’ombe watapita wapi?”

“Watazunguka. Wana miguu minne, wewe unayo miwili.”