Kipande cha Nyama pale Matongo

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, nimerudi Matongo likizo. Dada yangu alikuwa na kibanda cha chakula karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na mchana nilimsaidia kupakua.

Siku moja mchimbaji mmoja wa makamo, mtu wa kutoka Mbalibali, alikuwa anakula huku anasimulia na kucheka. Ghafla kicheko kikakatika. Akasimama, mikono yote miwili shingoni. Hakukohoa wala kutoa sauti.

"Amepaliwa," dada akasema, kikombe cha maji kikiwa tayari mkononi.

"Usimpe," nikamzuia. "Maji hayana pa kupita."

Chuoni tulifanya mazoezi kwa mdoli wa mpira, na mdoli hakutazami. Huyu alinitazama. Nikamwambia, "Baba, inama," nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Hakuna kilichotoka. Midomo ilishakuwa rangi ya majivu. Nikapita nyuma yake, nikamzungushia mikono, ngumi juu kidogo ya kitovu, nikavuta ndani na juu. Nilisikia watu wakiguna: binti anamkumbatia mtu mzima hadharani. Mara ya nne kipande cha nyama kikaruka mpaka kwenye sahani ya jirani.

Akavuta pumzi kwa mluzi, akakaa chini vumbini, akalia. Mwenzake alimpandisha bodaboda, wakaenda zahanati akaangaliwe tumbo, maana nilivuta kwa nguvu zote.

Kesho yake alirudi. "Shikamoo, mwalimu," akaniambia. Niliona aibu, nikamwamkia mimi.

"Nataka kujua," akasema. "Ile nyama ilikwama wapi?"

Nikampeleka bucha ya jirani. Mapafu ya mbuzi yalikuwa yananing'inia pamoja na koromeo lake. Nikamwonyesha bomba la hewa, gumu, lenye pete, na nyuma yake njia laini ya chakula. Na kile kifuniko kidogo kinachopaswa kuziba njia ya hewa tukimeza. "Ukicheka na tonge mdomoni, kinachelewa."

Mwenye bucha akasogea. "Miaka yote nauza hii, sijawahi kuuliza kazi yake."

Nikamwomba ayajaze mapafu upepo. Akapuliza, yakavimba. Nikaziba koromeo kwa bonge la ugali, nikayabana kwa viganja viwili. Bonge likaruka. Wanawake wa vibandani walikuwa wameshajaa mlangoni, na kila mmoja alitaka kujaribu; dada alirudia mara tatu. Baadaye nikawaonyesha wapi pa kuweka ngumi, wakajaribu wao kwa wao, bila kuvuta.

Nilikuwa nimesharudi chuoni dada aliponipigia simu.

"Mama mmoja amepaliwa na muhogo," akasema, akihema kama aliyekimbia. "Nimempiga mgongoni, ya tatu ukatoka. Hata kukumbatia sikufika."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapa. Anaumalizia."