Tisa Nukta Nane, Mstari wa Mwisho

Kwa watu wa nyumba niliyoolewa, mtoto akikonda swali la kwanza si amekula nini. Swali la kwanza ni mama yake amelala na nani. Wanasema kambemenda mtoto, yaani mama kaenda nje ya ndoa huku ananyonyesha, na uchafu wake umemwingia mwana. Mwanangu alipotoka kwenye surua akaingia kwenye kuharisha, akabaki kichwa na macho, mamamkwe hakuniuliza kitu. Alianza tu kunitazama, kutoka miguuni kwenda juu. Mume wangu alikuwa Mtwara anabeba mizigo, harudi mpaka msimu wa korosho. Hesabu zao walishazipiga.

Mimi si mtu wa kule juu mlimani. Nimezaliwa Lukuledi, nikasoma Masasi mpaka kidato cha nne, nikaolewa Newala. Kwa sababu ya kile cheti, zahanati ya kijiji ilinichukua niwe mhudumu wa afya. Nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Unauzungusha juu ya kiwiko, unasoma sentimita, unatuma kwa simu. Utepe una rangi: kijani mzima, njano angalia, nyekundu kimbia. Wanawake niliowaambia "nyekundu hii, kimbia" ni wengi. Sikujua rangi ile inafananaje ukiiona kwenye mkono wa mwanao mwenyewe.

Tisa nukta nane. Nililegeza nikapima tena, nikidhani nimekaza. Tisa nukta nane. Nikatuma.

Namba zetu zote zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta ya mradi wa lishe, zinapangwa kuanzia mkono mwembamba hadi mnene, kisha gari linakuja kuchukua watoto watano wa juu na mama zao, kuwapeleka hospitali mjini. Nesi alipobandika orodha mlangoni pa zahanati nilianza kusoma juu kwa kidole. Hayupo. Nikashuka. Hayupo. Nilimkuta mstari wa mwisho kabisa, chini ya watoto wanaokimbiza kuku.

"Shikamoo, nesi. Hapa pamekosewa."

"Marahaba. Hapajakosewa, mama. Kompyuta inaangalia mengi, haiangalii mkono tu."

Mengi gani, hakusema. Hakuyajua.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mamamkwe alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa. "Mashine ya wazungu imesema mtoto hana ugonjwa wa hospitali. Sasa unataka niseme nini?" Nikampigia mume wangu. Akasema, "Msikilize mama." Basi wakapanga: gari likishaondoka na wa hospitali, kesho yake sisi tunaenda kwa fundi wa dawa za kienyeji. Na dawa ya mtoto aliyebemendwa haifanyi kazi mpaka mama amtaje mwanaume. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Sikuwa na mwanaume wa kumtaja. Wangekaa wananisubiri niseme jina, na mtoto anaisha.

Siku ya gari ndiyo ilikuwa pia siku yangu ya somo. Mradi ulitaka kila zahanati iwe na mtu mmoja anayeweza kupanga orodha mwenyewe mtandao ukikatika, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Masasi, mpole, viatu vinang'aa kama vya harusi. Tulikaa stoo, kwenye maboksi ya vyandarua, laptopu juu ya meza, mwanangu mgongoni. Alikuwa halii. Mtoto anayelia unajua yupo. Wangu alikuwa kimya, nami kila mara nanyoosha mkono nyuma kugusa kama anapumua.

"Dada, tuanze na fanksheni," mwalimu akasema. "Usiogope neno. Ni kazi uliyoipa jina. Chukulia mashine ya kusaga. Unaingiza muhogo mkavu, unatoka unga. Hujui ndani kuna nini, na huhitaji kujua."

"Na nikiingiza mawe?"

"Itasaga mawe. Haina akili ya kukukatalia."

Akaniandikisha fanksheni yangu ya kwanza. Tuliiita panga. Akachukua korosho za kwenye dirisha, akazitandaza mezani kwa mstari, kubwa na ndogo zimechanganyika. "Linganisha mbili zilizo jirani. Ya kulia ikiwa ndogo, zibadilishane nafasi. Songa mbele. Ukifika mwisho, rudi mwanzo. Siku utakayopita mstari mzima bila kubadilisha hata moja, umemaliza."

Nilifanya. Mkono mmoja ulikuwa nyuma kwa mtoto, nikaangusha mbili. Aliniambia nisihofu, wanafunzi wote wanaogopa kompyuta mwanzoni. Nilitaka kumzaba kofi. Nje nilisikia gari linaingia, mlango unabamizwa, nesi anaita majina.

"Sasa jaribu na namba. Andika zozote."

Sikuwa na namba nyingine kichwani. Niliandika mikono ya watoto wa kijiji: kumi nukta nne, kumi na mbili nukta tano, tisa nukta nane, kumi na moja nukta mbili. Nikabonyeza. Zikajipanga. Kumi nukta nne ya kwanza, halafu kumi na moja nukta mbili, halafu kumi na mbili nukta tano. Tisa nukta nane ya mwisho.

Mwalimu akacheka. "Umeona? Kosa la kila mwanafunzi. Umeziwekea alama za kunukuu, kwa hiyo mashine inazisoma kama maneno. Inaanza na herufi ya kwanza, kama kamusi. Moja iko kabla ya tisa, basi kumi inatangulia tisa. Ukiondoa hizo alama, ukaiambia hizi ni namba..."

Sikusikia yaliyofuata.

"Orodha ya mlangoni," nikasema. "Ifungue."

"Ile inatoka ofisini, dada, mimi si..."

"Ifungue!"

Akafungua. Akasogeza chini, akasogeza juu. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Namba zilizokuwa zinatumwa na simu zetu zote zilikuwa zimefungiwa alama zile. Zilikuwa maneno. Hakuna aliyegundua, kwa sababu ni mara chache mkono wa mtoto kushuka chini ya kumi. Akifikia hapo, ndiye wa kwanza kufa, na mashine inamtupa mwisho, na nesi anasema kompyuta inaangalia mengi.

"Panga upya," nikamwambia.

"Nahitaji ruhusa ya..."

"Kaka, nimembeba mgongoni. Mgeukie umtazame."

Akamtazama. Akaondoa alama, akabonyeza. Mwanangu akapanda mstari wa kwanza, na wote wakasogea chini hatua moja. Wa tano akawa wa sita.

Nilikimbia na laptopu mkononi, waya unaburuzika. Dereva alishawasha gari. Wa tano alikuwa mtoto wa jirani yangu, mwanamke tuliyekuwa tunaazimana chumvi. Alishakaa dirishani na kikapu chake mapajani. Nesi aliisoma skrini, akasoma karatasi, akasoma skrini. Dereva akasema anaruhusiwa mama watano, hana mjadala.

Jirani yangu alielewa kabla sijafungua mdomo. "Umejifunza mashine asubuhi, mchana mwanao wa kwanza," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Hongera, fundi kompyuta. Na yule bwana wa Masasi kakufundisha vizuri."

Wanawake wakaguna. Mamamkwe alikuwepo. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nilimshusha mwanangu, nikamvua shati mbele ya watu, nikampa nesi utepe. "Pima. Wote wawili."

Nesi alimpima wa jirani: nyekundu, kumi na moja nukta mbili. Akampima wangu. Utepe uliteleza mpaka mwisho wa nyekundu, na mkono ukabaki na nafasi. Jirani yangu alimtazama mwanangu kifuani, pale mbavu zinapohesabika, akateremka na kikapu chake. Hakusema panda. Alinipita tu, bega likanigonga.

Njia nzima niliweka kidole chini ya pua ya mtoto. Kila shimo barabarani nilidhani ndilo litakalommaliza.

Hospitali walimweka kitanda cha karibu na meza ya wauguzi, wakaanza kumpa maziwa ya dawa kidogo kidogo. Kesho yake jirani yangu akaingia, kaka yake kamleta kwa pikipiki. Wakampa kitanda cha pembeni yangu. Hakunisalimu siku hiyo wala iliyofuata. Nilimsikia analala na kuamka, kama alivyonisikia mimi.

Kisha, watoto wote wawili walipoanza kulia, kulia kweli kwa sauti, akageuka.

"Nieleze. Ilikoseaje?"

Nilimweleza kwa kidole juu ya shuka. Nilichora kumi, nikachora tisa. "Wewe unaona namba. Yenyewe inaona herufi. Inaangalia ya mwanzo, moja na tisa, inasema moja inatangulia. Haitazami zaidi."

"Yaani haijui kumi ni kubwa kuliko tisa?"

"Haikuambiwa kuwa ni namba."

"Yule wangu mkubwa yuko chekechea, anajua." Akavuta kanga. "Na hapakuwa na mtu wa kuangalia?"

"Hapakuwa."

Akamfunika mtoto. Nikadhani tumemaliza.

"Mashine hiyo hiyo iko vijiji vingapi?"

Sikujua. Nilimwambia kuwa yule mwalimu alisema atapiga ofisini.

"Alisema."

"Alisema."

"Akapiga?"

Nilichukua simu pale pale, nikampigia mwalimu. Iliita mpaka ikakatika. Jirani yangu alikuwa ameshamweka mtoto begani, ananitazama.

"Piga tena," akasema.