Tatu Hakulewa, Alibeba Maji

Saa moja kasoro asubuhi, Tatu Mwinjuma anapanda ngazi za jengo la ofisi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kichwani ana ndoo ya lita ishirini, mkononi ndoo ndogo. Pampu ya maji ni mbovu tangu Januari, na vyoo vya ghorofa nne vinamsubiri. Ghorofa ya tatu anaegemea ukuta, anavuta pumzi.

"Hapa hapa ndipo nilipogeuzwa mlevi," anasema.

Tatu, mwenye umri wa miaka 47, amefanya usafi hapa miaka tisa, sasa kwa mshahara wa Sh150,000 kwa mwezi. Machi mwaka huu alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, kwa Kiingereza. Goodluck, karani wa ofisi, alimfafanulia: "Mama, imeandikwa ulikuwa umelewa kwenye ngazi."

"Mimi? Pombe sijaionja tangu nizaliwe! Nikamwambia, 'Mwanangu, soma tena.' Akasema ndivyo ilivyo."

Hadi jioni habari zilishafika mtaani kwake. Mama mkwe wa binti yake alipiga simu kuuliza.

Tatu akaipeleka barua Upanga, kwa Harshida, mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye yeye humfulia nguo kila Jumamosi. Harshida akaweka kidole kwenye neno moja: "staggering".

"Neno hili maana yake ni kupepesuka," anaeleza mwalimu huyo. "Mlevi hupepesuka. Mgonjwa hupepesuka. Na aliyebebeshwa mzigo kuliko nguvu zake hupepesuka. Kitenzi chenyewe hakisemi kwa nini. Sababu huwa kwenye maneno yanayofuata, na kwenye barua hayakuwapo."

Yalikuwapo kwenye daftari la mlinzi. Haruna, mlinzi ambaye taarifa yake ndiyo iliyonukuliwa kwenye barua, bado ana hasira: "Niliandika mama anapepesuka kwa ndoo za maji, pampu itengenezwe. Wao wakachukua kupepesuka, ndoo wakaziacha!"

Tatu, Harshida na Haruna walikwenda ofisini na daftari. Baada ya wiki tatu bila kazi, Tatu akarudishwa. Uongozi ukamwandikia barua ya kumwomba radhi. Nayo kwa Kiingereza.

Ametakiwa kuisaini kuonyesha ameipokea; amegoma. Yeye na wafanya usafi wenzake sita wameandika barua yao, wakitaka kila mfanyakazi aandikiwe kwa lugha anayoielewa.

"Nilimaliza darasa la saba, kusoma najua," anasema Tatu. "Waniandikie kwa Kiswahili kwamba sikulewa. Niisome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote waliosikia kwamba mimi ni mlevi. Kabla ya hapo, kalamu yao siishiki."