Ngamia wa Samawati wa Bulla Pesa

“Wewe uliyesoma mpaka chuo, niambie, huyu ngamia ni wa nani?” Aliyeniuliza hivyo tumemzika juzi. Mtaa mzima wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, tulimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, hata Wameru na Waturkana wasiojua neno jingine la lugha hiyo. Alituachia ua wake bure, vijana tukafanyia humo maigizo na mashairi, na ukuta wake unaotazama barabara tukaupaka rangi. Mnisamehe, namwandikia buriani huku nacheka. Nimejaribu kuhuzunika kwa adabu na nimeshindwa.

Mtaa wetu ulianza na wanajeshi wa Kisomali waliopigania Mwingereza, kisha wakaja wengine na mifugo, wengine na maduka, na sasa wanakuja wasanii wenye maikrofoni. Kila mtu hapa ametoka mahali, na kila mtu, akishamaliza salamu, anakuuliza wewe ni wa nani. Swali hilo lilinikera tangu shuleni. Kwa nini lazima niwe wa mtu?

Basi mchoraji wetu akachora ngamia mkubwa ukutani, wa samawati, mwenye kope ndefu kama bibi harusi. Akaona paja limebaki tupu, akalipamba kwa duara na mistari miwili. Isiolo nzima inajua kwamba alama ya pajani ni chapa ya ukoo. Yeye alikuwa anafikiria urembo tu. Kabla ya adhuhuri ukoo mmoja, uliotambua chapa yake, ulishafika kupiga picha, na alasiri wazee wa koo nyingine wakaja wamekunja uso.

“Ngamia huyu amekuwa wenu tangu lini?” mmoja aliuliza.

“Tangu rangi ilipokauka,” akajibiwa na waliopiga picha.

Wazee wale waliokunja uso wakatoa amri: ukuta upakwe chokaa kufikia Ijumaa, la sivyo hakuna mtoto wao atakayekanyaga ua ule tena. Ua mwingine hatukuwa nao. Ndipo Ayeyo akatoka na chupa ya chai na kuniuliza swali lake mbele ya wote.

“Ni sanaa, Ayeyo,” nikasema. “Si wa mtu.”

“Ngamia si wa mtu? Basi ameibwa, abaayo,” akasema, akiniita dada kwa Kisomali.

Hata walionuna walicheka. Akamwamuru mchoraji ambebeshe ngamia mzigo wa mikeka ya nyumba za wafugaji wanaohama, ining'inie mpaka ifunike paja. Kisha akamwita mzee mmoja mmoja pembeni, akammiminia chai, akamnong'oneza. Ijumaa ikapita bila chokaa, nami nikaandika kwenye safu hii ya gazeti kwamba sanaa imeshinda ukoo. Nilijiamini sana.

Jana msibani mzee mmoja aliniinamia na kuniambia polepole kwamba chini ya ile mikeka alama ya kwanza ilibadilishwa kuwa chapa ya kwao, Ayeyo mwenyewe alimhakikishia. Muda si muda mzee wa ukoo mwingine akaniambia vilevile, kwa siri ileile. Nilidhani mtaa wa wageni hukaa pamoja kwa kuwa si wa mtu. Kumbe hukaa kwa kuwa kila mmoja anaamini, kimyakimya, kwamba ni wake. Nikiwa natoka, Mmeru mwenye duka la kona akanishika mkono.

“Mimi sina hata mbuzi,” akasema, “lakini yule ngamia ni wangu. Ayeyo aliniambia nisiseme.”