Presha Kuka Juu ya Kabati

Makande yaliyopikwa kwa kuni ni matamu kuliko makande mengine yote. Nimelikana jambo hili muda wote niliokuwa mtumishi wa serikali kwenye nishati safi ya kupikia. Nimelikana kwenye semina, nimelikana redioni, na mara moja nimelikana nikiwa na sahani yenyewe mkononi, jikoni kwa mama yangu kijijini Bombo, machozi yakinitoka kwa moshi. Sasa nimestaafu kwa hiari, na hakuna tena anayeweza kuniandikia barua ya kujieleza. Kwa hiyo nasema.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza nilianzaje. Nilianza nikiwa sijui kitu. Siku ya kwanza niliripoti Same mjini nikitokea Moshi, ambako nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, bingwa wa vikundi vya kuku na vya kuweka na kukopa. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, elimu inayomfundisha mtu kuuliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Nilikuwa pia na nywele nilizotengeneza kwa gharama, na upepo wa Same ulizishughulikia kabla sijafika getini. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja pembeni mwa karakana mpya ambayo upande mmoja ulikuwa haujaezekwa.

Mhandisi wa Mradi alinipokea akiwa na bisibisi sikioni kama kalamu ya fundi seremala.

"Wewe ndiye mtaalamu wa nishati tuliyeletewa?"

"Mimi ni mtaalamu wa jamii, Mhandisi."

"Basi umefika mahali pake," akasema, akaelekeza bisibisi ng'ambo ya barabara. "Jamii ile pale. Inauza mkaa."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali iliamua kuweka fedha Same kwa shabaha mbili zinazokwenda pamoja: watu wapunguze kuni na mkaa, na wale ambao mkaa ndio uliokuwa unawalisha wapate kazi nyingine hapo hapo mjini. Ikajengwa karakana. Upande mmoja ulikuwa wa majiko banifu, yaani majiko ya bati yaliyokandikwa udongo ndani ili joto lisitoroke. Upande wa pili ulikuwa wa mkaa mbadala: mabaki ya mkonge kutoka mashamba ya tambarare yanachomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo, yanasagwa, yanachanganywa na uji wa muhogo, kisha yanashindiliwa na mashine kuwa vipande. Baadaye ukaongezwa upande wa tatu, wa kuunganisha na kutengeneza presha kuka za umeme kwa ajili ya vijiji vya milimani ambako nguzo zilikuwa zimeshafika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvuka barabara na kuzungumza na wauza mkaa. Nilikuwa na hotuba. Namsifu, aliyekuwa na kijiwe kikubwa kuliko wote, alinisikiliza mpaka mwisho huku akijipangusa mikono kwenye kanga.

"Dada, nimekuelewa. Tuache mkaa. Sasa tutakula nini, semina?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Jibu lilikuja karakana ilipoanza kuajiri, na Namsifu akawa wa kwanza kuingia. Aliingia kwa masharti yake. Alimwambia Mhandisi kwamba atafanya kazi yoyote ila asiitwe mnufaika, na kweli hatukumwita hivyo tena. Akajifunza mashine ya kushindilia, kisha akahamia kwenye presha kuka. Angeweza kubadilisha mpira wa mfuniko, ule unaozuia mvuke usivuje, huku akikusimulia habari za harusi aliyohudhuria Jumamosi.

Mkubwa wetu wa juu alikuwa Mratibu wa Mradi. Alikaa makao makuu, alizungumza polepole, na hakuwa mtu wa milimani. Siku presha kuka zilipokuwa tayari kwenda Bombo, alinipigia kupanga uzinduzi.

"Wageni watakuwa wengi," akasema. "Tupike mbele ya wananchi. Watu wa kule kwenu wanakula nini hasa?"

Mimi ni Mpare kwa baba na kwa mama. Nimezaliwa Bombo, nimekulia kwenye mashamba ya tangawizi. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Wali na kuku."

Lazima niwaeleze, maana wengine mmelelewa mjini. Kwetu makande hayapewi mgeni. Makande ni chakula cha watu waliokuona ukitembea peku. Mgeni akibisha hodi chungu kikiwa motoni, mama hukifunika, akasema "karibu, hatujapika bado," kisha mtu hupenyezwa mlango wa nyuma kwenda kutafuta mchele. Ukichanganya desturi hiyo na utani tunaotaniwa tukifika mabwenini, eti Mpare akikatwa anatoka maharage, utaona kwamba nilikuwa na elimu ndefu ya kuficha makande kabla hata ya kufika chuo kikuu.

Basi ukapikwa wali, akapikwa kuku. Nilisimama na kipaza sauti nikasifia kasi ya chombo: tazameni, akina mama, hata hotuba haijaisha na chakula kimeiva. Wageni wakapiga makofi. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa sweta juu ya kitenge, maana yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa usharika wa Kilutheri pale, na Bombo hakuna mwanamke anayenunua hata ndoo kabla ya kuona mama yangu amenunua ya namna gani. Tulipomaliza akaniambia, "Chungu chenu kimepika vizuri wali wa wageni." Nilichukulia kwamba ni sifa.

Presha kuka zikaenda nyumba kwa nyumba. Msimu ukapita. Siku moja Mhandisi akaniita kwenye meza ya matengenezo, ambayo ilikuwa tupu.

"Hakuna hata moja iliyorudi kutoka Bombo," akasema.

"Si vizuri? Ina maana ni imara."

"Mama, chombo kisichorudi karakana ama ni kizuri mno, ama hakitumiki. Na mimi hizi nimeziunganisha mwenyewe, si nzuri mno. Panda mlimani."

Nilipanda na lori lililokuwa likifuata tangawizi. Nyumba ya kwanza niliyoingia, presha kuka ilikuwa juu ya kabati la vyombo, kando ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nyumba ya pili, hivyo hivyo, kitambaa cha rangi nyingine. Nilipofika kwa mama nilikuta kitambaa kizuri kuliko vyote, chenye maua pembeni, na chombo kinang'aa kana kwamba kimetoka karakana jana. Nje, chungu cha makande kilikuwa juu ya mafiga, kinatokota.

"Mama, mbona huitumii?"

"Nani amesema siitumii? Naitumia wageni wakija."

"Wamekuja lini?"

"Bado."

Nikaketi. Sikuhitaji dodoso. Nilikuwa nimewaonyesha chombo cha kupikia wali wa wageni, nao wakakitunza kama chombo cha wageni kinavyotunzwa. Asiye Mpare angewauliza watu wanakula nini, angepika hicho, na mambo yangekwisha siku ile ile. Ilihitaji mwenyeji kukosea namna hii.

Ubaya ni kwamba wakati ulikuwa umetubana. Fedha za awamu ya pili, zile ambazo zingeifanya karakana iwe ya kudumu na ajira zake ziwe za kudumu, zilikuwa zinategemea tathmini. Wakaguzi wangepanda Bombo baada ya mvua, bila kutoa taarifa, waangalie kama watu wanapika kwa umeme kweli. Wakikuta maonyesho ya vitambaa vya kufuma, karakana ingefungwa. Niliporudi mjini nikawaeleza wenzangu. Namsifu hakutania siku hiyo.

"Kijiwe changu nilishamwachia mtu," akasema. "Wateja wangu wa mkaa sasa ni wake. Sina pa kurudi, dada. Fanya ufanyavyo."

Nikampigia Mratibu, nikamweleza habari za kabati na za makande. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Makande ni nini?" Nikamweleza: mahindi na maharage vilivyochemshwa pamoja mpaka vikakubaliana. "Basi yapikeni hayo," akasema. "Na hotuba iwe fupi."

Hotuba niliifuta kabisa, kwa sababu nayo ilikuwa na kosa. Nilikuwa nimewauzia akina mama wa Bombo kasi, na kasi haijawahi kuwa shida yao. Makande hayamcheleweshi mtu. Unayainjika, unasukuma kuni, unakwenda shamba, unarudi unayakuta. Kinachomchosha mama ni mzigo wa kuni kwenye ule mteremko, na macho yanayowasha kwa moshi mpaka uzeeni. Walichotaka ni chungu cha kuachwa peke yake, kisichodai kuni.

Jumapili iliyofuata mimi na Namsifu tulipanda na presha kuka kadhaa. Kabla ya ibada, kwenye ukumbi wa usharika, tulitia mahindi na maharage yaliyolowekwa, maji, kitunguu, tukafunga mifuniko, tukaingia kanisani. Hatukuacha mtu wa kulinda. Yakapita mahubiri, yakapita matangazo, ukapita mnada wa sadaka ambako mkungu mmoja wa ndizi uligombaniwa na wanakwaya mpaka Mchungaji akaomba amani. Tulipotoka, makande yalikuwa yanatusubiri.

Akina mama walizunguka wakimtazama mama yangu. Akachota, akapuliza, akatafuna taratibu.

"Yameiva," akasema.

"Na ladha je, mama?"

"Nimesema yameiva."

Akaongeza sahani. Lakini Mpare kuongeza sahani ya chakula cha bure si ushahidi wa kitu chochote, na mtafiti makini hawezi kuuandika. Namsifu alizunguka ukumbini akionyesha namna ya kutoa mvuke kabla ya kufungua mfuniko na namna ya kuuosha ule mpira. Aliulizwa maswali mengi. Mama hakuuliza hata moja. Tulishuka mlima bila kujua kama watazitumia.

Muda si mrefu nikastaafu. Mhandisi alitoa hotuba ya kuniaga iliyokuwa na sentensi mbili, na ya pili ilihusu keki. Nimekaa na kazi hii kichwani tangu hapo, na ninyi mnaoirithi mniruhusu kuwaambia ninaloliamini. Fedha ya serikali ikija mjini kwenu, ipokeeni kwa mikono miwili. Nimeona mashine zikinguruma mahali palipokuwa na vumbi tu. Nimeona watu waliokuwa wakikohoa masizi wakiwa na sare na zamu. Inafanya kazi. Ila mwisho wa waya wote ule kuna chungu, na ndani ya chungu kuna chakula fulani chenye jina. Kitajeni mapema, hata kama kinawatia haya. Mimi kilinichukua karibu ajira yangu yote.

Mvua zikaisha. Karakana wakawa wanahesabu magari yanayopanda mlimani, wakisubiri la wakaguzi. Namsifu alinipitia nyumbani kila jioni akitoka zamu, akidai anapita tu, ingawa kwangu si njia ya kwake. "Mama amesema nini?" angeuliza. Sikuwa nimemuuliza mama. Nilijua angenijibu ninachotaka kusikia, na mimi nilitaka ukweli.

Mchana mmoja Namsifu akiwa hana zamu, tumekaa barazani tunachambua mchicha, simu ikaita. Nikaiweka sauti ya juu ili naye asikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeme umekatika."

"Poleni. Kumetokea nini?"

"Mti umeangukia waya kule bondeni. Umekatika makande yangu yakiwa nusu, na wageni wako wapo hapa."

"Wageni gani, mama?"

"Hawa wenye vitambulisho shingoni. Walikuja kuuliza kama tunapika kwa umeme. Kabla sijajibu umeme ukaondoka, na sasa kitongoji kizima kimejaa uani kwangu. Wanalalamika kwangu, eti mwanangu ndiye aliyeuleta."

Nyuma ya sauti yake nilisikia akina mama, wengi, wamekasirika kwelikweli. Mmoja alikuwa anasema maharage yake ndiyo kwanza yameanza kulainika, mwingine anauliza nani atamlipia kitoweo. Namsifu alikuwa ameacha mchicha.

"Na hao wageni wanafanya nini?"

"Mwanzo walikuwa wanaandika. Sasa wameacha, wanawatazama tu hawa wanawake na kutabasamu. Sijui wamefurahia nini, watu tuna njaa."

"Basi washa mafiga, mama, umalizie chungu."



"Mafiga yapi? Moja linazuia mlango wa banda la kuku. Mengine Mchungaji aliyachukua, wanajenga ngazi ya kanisa."

Namsifu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na sikujua kama anacheka au analia.

"Sasa wageni utawapa nini?" nikauliza. "Nitume mtu akutafutie mchele?"

"Mchele wa nini?" mama akasema. "Nimeshawaambia wakae. Umeme ukirudi watakula makande."