Mama Marejeo, fundi wa kurasa zisizosomwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, mlango wa chumba cha fundi cherehani uko wazi nusu, na ndani kuna kazi mbili zinazokwenda kwa pamoja. Upande wa dirishani cherehani inakimbia juu ya sare za shule. Upande wa ukutani, kwenye meza iliyowekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja ili isicheze, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ameikodolea macho kompyuta mpakato ambayo herufi zake nyingine zimefutika kwa kuguswa.

Pembeni yake ameketi muuguzi. Ametoka moja kwa moja zamu ya usiku, viatu amevivua, nyayo ameziweka kwenye saruji zipoe. Anasoma kwa sauti sentensi moja ya tasnifu yake, anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Hiyo ni ya yule daktari aliyechunguza makovu."

Mwanamke wa kompyuta anatafuta, anabofya. "Ana makala mbili huyu. Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili. Ya kwanza aliikana mwenyewe baadaye."

Wako hivi tangu jana. Kesho saa tisa alasiri ofisi ya chuo inafunga kupokea tasnifu za shahada ya uzamili, na hii ikibaki nje, muuguzi atangoja mwaka mzima. Wala si cheti pekee kinachongojwa. Hospitali anakofanya kazi inatafuta msimamizi wa wodi ya watoto walioungua, na sharti ni shahada iliyokamilika. Ameitumikia wodi hiyo tangu alipoajiriwa. Anaitaka nafasi hiyo, na halifichi jambo hilo.

Mwanamke wa kompyuta anajulikana mtaani kwa jina la Mama Marejeo. Wanafunzi ndio waliombandika, na limemganda kiasi kwamba hata mjukuu wake humwita hivyo akitaka kumtania. Kazi yake ni ile orodha ya mwisho wa tasnifu, inayotaja kila kitabu na kila makala ambako mwandishi amechota. Ni kurasa ambazo karibu hakuna anayezisoma, ila zikikosewa kila mtu huziona.

Mumewe ni fundi bomba, na anayo yake ya kusema kuhusu kazi hiyo. Huwaambia wageni kwamba yeye huamka kwenda kuziba mabomba ya walio hai, mkewe huamka kwenda kuwapanga mstari wafu wa vitabuni.

Zamani Mama Marejeo alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya usafirishaji. Kampuni ilipofungwa, alibaki na vidole vyepesi na mashine moja aliyopewa badala ya kiinua mgongo. Akaanza kuwapigia chapa wanafunzi. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye siku moja alirudi kutoka chuoni uso umemshuka. Msimamizi wake alitaka marejeo yote yabadilishwe mtindo, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Aliyapiga upya moja moja, koma kwa koma, mpaka shingo ikakataa kugeuka. Baadaye kidogo, alipokwenda maktaba ya chuo kumchukulia shemeji kitabu, alimwona mkutubi akifanya kazi ile ile kwa kubofya mara moja.

"Nilitoka nje nikalia," anasema. "Watu wanadhani nililia kwa furaha. Nililia kwa hasira."

Mkutubi alimwonea huruma akamfundisha. Programu yenyewe, anaeleza Mama Marejeo, haina uchawi. Ndani yake unaweka kila chanzo kwenye nafasi yake: mwandishi, mwaka, jina la makala, mahali ilipochapwa, na makala yenyewe ukiwa nayo. Yeye huuita mkusanyiko huo ghala. Ukiwa unaandika na ukafika mahali pa kumtaja mtu, unamwita kutoka ghalani, naye anaingia kwenye sentensi na papo hapo anajipanga kwenye orodha ya mwisho. Ukitaka mtindo mwingine, unabofya, na wote wanabadilika.

Ila kila mteja mpya humpa onyo lile lile. "Programu haina akili. Ukiilisha uchafu, itakupangia uchafu kwa alfabeti."

Msimu wake ni miezi mitatu tu kwa mwaka, tasnifu zinapokusanywa. Kipato cha msimu huo ndicho kinachobeba karo ya mjukuu na pango la nusu ya chumba hiki. Miezi mingine hupiga chapa barua za kuomba kazi, na kuna wiki nzima hupita akimsaidia fundi kushona vifungo. Mtu mzima hafi njaa akiwa na mikono, anasema fundi cherehani, huku akikiri kwamba vifungo vya jirani yake hutoka upesi.

Sasa, tasnifu ya muuguzi ilifikaje hapa? Ilifika kwa kosa, na wa kwanza kulisema kosa hilo ni Mama Marejeo mwenyewe.

Kazi ikikamilika, huwa anafanya jambo analoliita kukata uzi, neno aliloliazima kwa jirani yake. Maana yake ni kuuvunja muungano kati ya maandishi na ghala, ili tasnifu ifunguke kwenye kompyuta yoyote bila kujibadilisha. Lakini kabla ya kukata, sharti utoe nakala nyingine ambayo uzi wake ni mzima, umpe mteja aitunze. Siku ya kazi ya muuguzi umeme ulikuwa ukienda na kurudi. Akakata uzi, akahifadhi, akaweka kwenye flashi ya mteja, akashukuru Mungu. Ile nakala nzima hakuitoa.

Na kwake hakubaki na kitu. Katika kazi hii kuna waovu wanaouza tasnifu za watu kwa watu wengine, kwa hiyo yeye, mteja akiondoka, hufuta kazi yake mbele ya macho yake. Hubakiza ghala tu, kwa kuwa vyanzo havina mwenyewe.

Muuguzi naye akaongeza lake. Msimamizi wake wa chuoni alimtaka aongeze aya mbili, naye akaona ni jambo dogo, la nini kumsumbua mama wa watu. Akaziingiza mwenyewe, akachomeka vyanzo vipya kwa mkono, akaanza kuzisogeza, moja baada ya nyingine, zile nambari za kwenye mabano zinazomwelekeza msomaji kwenye orodha ya mwisho. Alipofika sura ya tatu usingizi ukamshinda, akaacha, akawasilisha hivyo hivyo. Tasnifu ikarudishwa. Chuo hakitaki tena nambari, kinataka jina la mwandishi na mwaka, na tena nambari zenyewe hazisomeki: hapa za zamani, pale mpya, nyingine ni za watu wawili.

Alipoileta Jumatano, Mama Marejeo aliifungua, akabofya sehemu ya kubadilisha mtindo, na hakuna kilichotikisika. Akaukumbuka uzi alioukata. Angeweza kumtupia lawama mteja, kwani mkono wa mteja ulionekana wazi. Lakini mficha uchi hazai. Akamgeukia.

"Sista, kosa la kwanza ni langu. Nilikukatia uzi bila kukuachia nakala. Nisamehe."

Muuguzi anasema alikuwa amejiandaa kukemewa na si kuombwa radhi. Kisha akauliza kama kuna dawa.

Dawa ilikuwa moja, nayo chungu: kupita sentensi kwa sentensi. Ghala lilikuwapo, limejaa, ila hakuna aliyejua nani akae wapi isipokuwa mtu aliyeandika. Muuguzi akumbuke, Mama Marejeo afunge uzi upya. Muuguzi akawaomba wenzake wa wodini wamshikie zamu, wakamshikia ya mchana, ya usiku ikabaki yake.

Ndipo wanapofika Alhamisi hii, sura ya nne. Muuguzi ana njia yake ya kukumbuka. Yeye hawajui waandishi kwa majina. Huyu ni wa makovu, yule ni wa maji baridi, wale watatu ni wagomvi wa bendeji. Mama Marejeo anacheka, ila anawapata wote.

Saa tano hivi wanafika kwenye sentensi inayohusu dawa ya maumivu kwa watoto walioungua, na kiasi kinachofaa kuanza nacho. Muuguzi anasema hiyo ni ya yule bwana wa jedwali refu. Mama Marejeo anaifungua makala yenyewe kutoka ghalani, apate kuhakikisha mwaka. Muuguzi anainama kuitazama. Anasoma mstari, anarudi juu, anasoma tena.

"Mama, hebu rudisha mwanzo."

Anarudisha. Bwana wa jedwali refu aliwachunguza watu wazima. Watu wazima watupu, ukurasa hadi ukurasa, hakuna mtoto hata mmoja. Muuguzi alikuwa amelichukua dai lile kutoka makala nyingine iliyomtaja bwana huyo, na hiyo makala nyingine ndiyo iliyosema watoto. Yeye aliiamini, akaandika, akasonga mbele.

Fundi cherehani anaondoa mguu kwenye pedali.

"Hii tasnifu," muuguzi anasema polepole, "ndiyo waliyosema hospitalini watatolea mwongozo wa wodi." Anaweka kiganja mdomoni. Machozi yamemjaa machoni, na hayafichi. Anawafikiria watoto kwa vitanda vyao, wale aliowaacha alfajiri.

Mama Marejeo hamwambii kwamba mambo yatakuwa sawa. Anamsogezea kompyuta na kumwuliza ukweli ni upi, auandike huo. Muuguzi anafuta dai lile na kuandika kwamba hakupata utafiti wowote uliopima kiasi hicho kwa watoto. Ni sentensi fupi, na inamchukua muda mrefu kuliko ukurasa mzima. Anahofu kwamba watahini wataiona kama tundu katikati ya kazi yake, na kwamba kwa sentensi hiyo moja nafasi ya wodi inaweza kumponyoka. Anaiacha hapo hapo.

Baada ya hapo mwendo unabadilika. Hawaulizani tena makala ni ya nani tu, wanafungua na kutazama kama kweli ndivyo inavyosema. Madai mengi yako sawa. Mawili yanarekebishwa. Alasiri, uzi wa mwisho unafungwa, Mama Marejeo anabofya mtindo mpya, na kurasa zote zinajipanga mbele yao, majina na miaka, hadi orodha ya mwisho. Muuguzi anacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Nakala nzima inatolewa kwanza, tena mbili, halafu ndipo uzi unakatwa.

Ijumaa kabla ya saa sita mchana tasnifu ilikuwa mezani kwa msimamizi wake. Anasimulia muuguzi kwamba msimamizi, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliipitia sura ya nne akasimama kwenye ile sentensi. Akauliza imetoka wapi. Muuguzi akamweleza kila kitu, pamoja na aibu yake. Msimamizi akatia sahihi, akamwambia, "Basi utafiti wako unaofuata umeshaupata." Tasnifu ikapokelewa. Jibu la hospitali bado halijatoka, ila sasa jina lake limo kati ya wanaofikiriwa.

Mama Marejeo naye ametoka na lake katika kisa hiki. Amechoka kuletewa tasnifu kama mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa. Anataka watu waje mwanzoni, wakiwa na chanzo cha kwanza mkononi, wajifunze kuweka ghala wenyewe na kuzisoma makala kabla ya kuzitaja. Amekubaliana na fundi kwamba kila Jumamosi mchana meza kubwa ya kukatia nguo itakuwa darasa.

Fundi alikubali, lakini si bila kumchokoza. Alimwuliza: fundi anayewafundisha wateja kushona, atakula nini?

"Watakuja kwa mengine," akamjibu. "Watu hawaishi kukosea. Nataka tu wakosee mapya."

Jumamosi ya kwanza wamekuja watano, na mmoja wao ni muuguzi. Hana tasnifu ya kurekebisha. Amekuja na makala moja tu, inayozungumzia maumivu ya watoto, ambayo ameisoma yote, hadi jedwali la mwisho, na pembeni ya karatasi ameandika maswali yake kwa kalamu.

Mama Marejeo anamfungulia ghala jipya. Ni jeupe, tupu, halina hata jina. Kwa mazoea mkono wake unakwenda kwenye kipanya, kisha anaurudisha na kuuweka mapajani.

"Bofya wewe, sista," anamwambia. "Hawa ni watoto wako."

Muuguzi anavuta kiti karibu na kuanza kuandika.